Makasha Manne na Kiazi Kimoja

Kuna siku niliingiza mkono kwenye mfuko wa lenzi, mbele ya bibi harusi, wasimamizi wake na pasta, nikatoa kiazi. Kilikuwa waru ya kawaida tu, ile ya kupondea mukimo, bado ina udongo kidogo. Nilikishika mkononi nikikitazama, kama mtu anayengoja kigeuke lenzi. Kaka yangu ndiye aliyekiweka. Alikuwa ameichukua lenzi yangu ya kwanza kabisa, akaiuza apate ya kunywa, halafu akatafuta kiazi cha uzito uleule ili nisishtuke nikibeba mkoba. Hiyo ya kutafuta uzito uleule ndiyo iliyoniuma kuliko wizi wenyewe. Mwizi mvivu unaweza kumsamehe.

Hayo ni ya miaka sita iliyopita, na tangu hapo mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa nayanusa kwanza. Mtu akiniambia kwa simu, "Niko hapa Ruiru, nafika," namuuliza Ruiru gani, na upande gani wa barabara. Fundi wa mabomba akija nyumbani kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari, nasimama nyuma yake mpaka amalize, na akishaondoka nahesabu vijiko. Sijivunii tabia hiyo, lakini sioni haya nayo vilevile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wangu hakutoka porini.

Mwaka jana nilipata kazi niliyoingoja muda mrefu. Ilikuwa wiki mbili za kupiga filamu Namibia, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye mkuu wa kamera. Kamera yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu wangu, mama mmoja aliyenishika mkono tangu nikiwa mtu wa kubeba nyaya na kupelekea watu chai. Aliniazima kamera, lenzi sita, tripodi, betri na vikorokoro vyote, akaniambia neno moja tu: "Irudi vile imeenda." Vyote hivyo hukaa katika makasha manne meusi ya plastiki ngumu, na kubwa kati ya hayo linataka watu wawili kuliinua.

Tatizo lilikuwa sponji. Ndani ya makasha hayo kila kitu kina shimo lake katika sponji, kisigongwe njiani. Ya mwalimu ilikuwa imezeeka. Ukiigusa inamomonyoka, inakuachia unga mweusi kwenye vidole, na unga ule ukiingia kwenye lenzi umeisha. Nilihitaji sponji mpya, iliyokatwa kwa kipimo, kabla ya Ijumaa mchana ambapo ndege ingeondoka. Mafundi niliowapigia walitaka wiki mbili.

Nikamwambia mama yangu shida hiyo, na hapo ndipo nilipokosea, maana kwa mama hakuna shida ya dunia ambayo mtoto wake mmoja hawezi kuitatua.

"Maitu," alisema. Ni "mama yangu" kwa Kikuyu, na huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Si kaka yako ni wa kukata sponji huko kwa kiwanda? Kila siku ni sponji. Leta hizo masanduku hapa Witeithie."

"Mum, siwezi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Hajaonja pombe mwaka na nusu. Kanisa anaenda. Sasa wewe unataka afanye nini ndio ujue amebadilika? Aruke?"

Nikamwambia mchovya asali hachovyi mara moja. Akanijibu kwamba methali niwaachie walimu, mimi nilete masanduku.

Nilipeleka, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Nilijua wazi ninachokiweka mezani. Kitu kimoja kikipotea, mwalimu asingeniazima tena hata waya, na mimi ningerudi kupiga harusi hadi uzee. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mama. Nilikuwa nampeleka kaka yangu kwenye mtihani. Akiiba mara hii, basi nisingekuwa na kaka tena, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa hilo.

Alikuja Jumatatu jioni, moja kwa moja kutoka kazini Eneo la Viwanda Thika, amekaa nyuma ya bodaboda na furushi la sponji kubwa kumliko. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio.

"Sasa, sista."

"Poa."

Kabla sijamuuliza lolote alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Hii ni ya geti," alisema. "Sponji ni mabaki, supavaisa ameandika nimeruhusiwa." Nikakisoma chote, nikauangalia muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Alisimama akingoja, bila kukasirika, kama mtu aliyezoea kungoja asomewe. Sikuona kosa lolote kwenye karatasi ile, na kutoona kosa kukanifanya nishuku zaidi.

Siku hiyo alipima tu. Alipomaliza akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, na hapo akafanya kitu cha ajabu. Alinigeukia, akaufungua mkoba wazi mbele yangu, kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Halafu akashtuka mwenyewe, akacheka.

"Ai! Nimezoea vibaya. Huko kazini hutoki kwa geti kabla soja akusachi. Kila siku, kila mtu. Sasa hata nikitoka kanisa mikono inataka kwenda juu."

Mama alicheka mpaka akashika kiti. Mimi sikucheka. Mkoba ulikuwa wazi, nikauchungulia.

Wiki hiyo nilihamia kwa mama, nikalala chumba kimoja na makasha. Kila kifaa nilikipiga picha kwa simu, nikakipa namba, nikaandika orodha ya kurasa tatu. Kwenye makomeo nilifunga uzi mweusi mwembamba, ambao mtu akifungua bila kujua ungekatika. Mama aliuona uzi mmoja alipokuwa akifagia, akauvuta akidhani ni uchafu, na mimi nikapoteza saa nzima nikihesabu nyaya.

Jumanne kaka alikata. Sitasema uongo, ilikuwa raha kumtazama. Alikiweka kila kifaa juu ya sponji, akachora ukingo wake kwa kalamu, kisha akapitisha kisu kirefu chembamba ndani ya mchoro, si juu yake. "Ukikata saizi ya kitu, kitacheza," alisema bila kuinua kichwa. "Kata ndogo kidogo, ndio kishikwe." Lenzi ya kwanza aliyoiingiza ilizama polepole ikatulia. Nilijikuta nataka kumsifu, nikajizuia, nikaenda kupiga simu ya betri.

Betri za kamera hazipandi ndege kienyeji. Haziruhusiwi pamoja na mizigo ya chini, lazima uingie nazo mkononi, ncha zimezibwa kwa selotepu, na zikiwa kubwa sana unaomba ruhusa. Yule dada wa shirika la ndege alinihamisha kwa mwenzake, mwenzake akanirudisha kwake. Katikati ya hayo kaka alikuja mbele yangu ameshika kamera chini juu, akaniuliza kitu. Nikampungia mkono: ndio, ndio, sawa. Akarudi kwenye sponji yake. Nilichokiona mimi ni kwamba ameishika kamera ya mwalimu kwa mkono mmoja, nikamtolea macho mpaka akaongeza wa pili.

Jumatano nilipanga. Kasha la kamera nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikalizungushia selotepu na kuweka sahihi juu yake. Mengine matatu nilifunga kwa uzi.

Alhamisi tulikwenda kupima uzito. Hapo Witeithie kando ya barabara kuna dalali anayenunua parachichi na makadamia, naye ana mizani kubwa ya jukwaa. Kila kasha lisipite kilo ishirini na tatu, vinginevyo uwanja wa ndege unaanza kubishana na watu usiowajua. La kwanza likaonyesha ishirini. La pili, kumi na tisa. Nilikuwa nimelibeba hilo la pili, na mgongo wangu ulisema jambo tofauti.

"Hii mizani ni ya kununulia ama ya kuuzia?" nikamuuliza dalali.

"Madam, mizani ni mizani."

"Simama juu yake. Wewe huwa kilo ngapi?"

"Themanini." Akapanda. Mizani ikasema sabini na moja. Akajitazama tumbo, kisha akanitazama mimi. "Nimekonda," akasema.

Kaka yangu akageuka upande wa barabara ili asicheke mbele ya mwenye mali. Tukapiga hesabu ya kuongeza, na makasha yote yakawa bado sawa, isipokuwa la tatu. Hilo lilikuwa na kichwa cha tripodi na nyaya tu, na lilizidi kwa karibu kilo tatu.

Nikakata uzi palepale, nikainua kifuniko. Katikati ya nyaya kulikuwa na kitu kimefungwa kwa foili, kizito, cha mviringo. Nikamwona bibi harusi. Nikamwona pasta. Nikamgeukia kaka nikiwa na maneno tayari mdomoni. Kisha foili ikachanika, nikaona nduma. Tatu, zimechemshwa, bado zina joto. Mama alikuwa amezitia nilipokuwa nikioga na kulifunga tena kasha kwa uzi uleule, kwa ufundi ambao sikuutarajia kwake. Kwetu msafiri haachwi aondoke mikono mitupu, na mama alikuwa amekwisha kuniuliza mara mbili huko Namibia watu hula nini.

Mara hii kaka hakucheka. "Ulidhani ni mimi," alisema.

"Tufunge," nilimjibu.

Tulirudi nyumbani, tukahamisha vitu viwili vitatu kutoka kasha moja hadi jingine ili uzito ulingane. Yeye alihamisha, mimi nilishika orodha. Nilipofika ukurasa wa mwisho, kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimekitia alama. Ni kibao kidogo cha chuma, sisi tunakiita pleti, ndicho kinachoishikiza kamera juu ya tripodi. Ni kidogo kuliko simu, lakini bila hicho una kamera ya kushika mapajani na miguu mitatu ya kuanikia nguo.

Nilitafuta kwenye kichwa cha tripodi. Nilitafuta kwenye bomba la plastiki, lile la maji taka, ambalo kaka alilikata na kulifanya ala ya miguu. Nilimwaga nyaya zote sakafuni. Kasha la kamera sikuligusa, kwa kuwa nilikuwa nimelifunga mwenyewe, na sahihi yangu ilikuwa vilevile juu ya selotepu. Mtu hatafuti mahali alipofunga mwenyewe.

"Pleti iko wapi?" nikauliza.

Kaka alikuwa amepiga magoti akikusanya vipande vya sponji. "Kile kichuma cha tripodi?"

"Hicho hicho."

"Umeangalia kila mahali?"

"Nimeangalia kila mahali."

Aliliangalia kasha la kamera, akaniangalia mimi. "Kila mahali?"

"Hilo nimefunga mwenyewe! Usinizungushe. Kama umeichukua sema saa hii, Mum asijue, na yaishe."

Mama alikuwa amekwisha kusimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Nilimwona, na sikujirudi. Nilikuwa nimengoja wiki nzima kusema maneno yale, na labda miaka sita, na ukweli ni kwamba nilipoyasema nilihisi kitulizo. Nilikuwa sahihi. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo.

Kaka aliinuka. Alikunja kisu chake akakiweka mezani. Akaufungua mkoba, akauweka sakafuni mbele ya miguu yangu, akatanua miguu kidogo, akainua mikono.

"Nisachi," alisema.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyetaka, lakini hakuna aliyenishika mkono. Nilimpekua kaka yangu katika sebule ya mama yetu, mfuko baada ya mfuko. Nilipata ufunguo wa chumba alichopanga Thika, kalamu, tepu ya kupimia, na kile kikaratasi cha geti cha Jumatatu, bado kimekunjwa mara nne. Nilimpapasa mbavuni, nikahisi mifupa. Yeye aliangalia juu ya kichwa changu, ukutani, pale penye kalenda.

"Maitu," mama alisema, mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua moja. Hakushusha mikono.

"Naweza kwenda?" aliuliza.

Nikasema nenda. Hapo ndipo alipoishusha, akachukua mkoba na kisu chake, akamwambia mama Mungu akubariki, akaondoka. Mama alirudi jikoni na hakuniongelesha mpaka asubuhi.

Ijumaa nilipita Ruiru kwa mwenzangu wa kupiga picha za harusi, akaniazima pleti yake, ambayo haikuingia vizuri kwenye tripodi yangu lakini ilikuwa afadhali kuliko hewa. Nilikuwa na hasira njia nzima hadi uwanja wa ndege. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomweleza mwalimu, na katika kila maelezo kulikuwa na maneno "kaka yangu."

Mlangoni kwenye ukaguzi, mashine ililia nilipopita. Askari mmoja, mwanamke wa makamo, akaniambia, "Inua mikono." Nikainua. Alinipapasa kwapani, mbavuni, kiunoni, kwa adabu kabisa, huku watu waliokuwa nyuma yangu wakitazama. Nilimaliza kupapaswa nikabaki nimeinua, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nishushe. Haikuchukua hata dakika moja, na bado nilihisi uso unawaka.

Kisha akaelekeza kidole kwenye kasha la kamera. "Fungua hiyo."

Nikaikata sahihi yangu mwenyewe kwa ufunguo. Akataka kamera itoke, nikaitoa. Akataka aione chini, nikaigeuza.

Pleti ilikuwa hapo. Imekazwa kwa skrubu yake chini ya kamera, mahali ambapo huwa kila kamera inaposhushwa kwenye tripodi na mtu mwenye haraka. Ni kosa la watu wa kamera kote duniani, tunalijua, tunachekana nalo. Mimi mwenyewe nimewahi kumfokea mtu kwamba pleti ikipotea, pa kwanza kuangalia ni chini ya kamera, pumbavu.

Nikatazama ndani ya kasha. Chini kabisa ya shimo la kamera, katika sponji, kulikuwa na shimo jingine dogo la mraba, safi, limekatwa ndogo kidogo kuliko pleti ili ishikwe.

"Ni nini?" askari aliuliza. "Kuna shida?"

Nikamwambia hakuna.

Ilikuwa saa saba, saa yao ya chakula, nikampigia. Alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na sufuria.

"Umefika airport?"

"Nimefika."

"Sponji imeshika?"

"Imeshika." Niligusa lile shimo la mraba kwa kidole. "Pleti ilikuwa chini ya kamera."

"Najua. Si nilikuuliza Jumanne, niitoe ama nikate na yake? Ukasema sawa."

"Sasa jana mbona hukuniambia?"

Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Jana hukuwa unatafuta pleti," alisema.

Nikamwomba msamaha, pale pale, nimepiga magoti kati ya makasha, nikilia mbele ya askari yule. Sijui kaka alisikia kiasi gani. Alisema haya, kengele imelia, safari njema, na simu ikakatika.

Niliporudi baada ya wiki mbili sikupitia kwangu. Nilikwenda Witeithie na makasha yote manne, nikayafungua sebuleni, lenzi zote wazi, nikampigia aje aone kama sponji imelegea mahali. Alipofika nikamwambia naenda dukani kuleta maziwa. Nilikaa dukani muda mrefu kuliko maziwa yanavyohitaji. Niliporudi vidole vilikuwa vinaniwasha nihesabu, siwezi kukana. Sikuhesabu. Tukanywa chai, mama akaongea kwa niaba yetu sote, na giza lilipokaribia kaka akachukua mkoba wake akaelekea mlangoni.

Akanigeukia, akaufungua mkoba. Safari hii hakushtuka wala hakucheka. Nilimkimbilia nikamshika mikono yote miwili kabla hajaiinua.